Data ya mbolea ya ruzuku ni yetu, ifunguliwe

Leo naomba tuziache kidogo habari za simu mpya na programu mpya, tuzungumzie mbolea. Usifunge ukurasa bado. Jambo lenyewe ni la kompyuta kuliko unavyodhani.

Serikali ya Kenya ina hifadhidata yenye wakulima zaidi ya milioni 6. Inaitwa KIAMIS, na ndiyo inayotumika kuamua nani apate mbolea ya bei nafuu na apate mifuko mingapi. Ndani yake mna jina la mkulima, nambari ya kitambulisho, nambari ya simu, kijiji anakolima, ekari zake na mimea anayopanda. Kila msimu mfumo huu unagawa mali ya umma yenye thamani ya mabilioni ya shilingi.

Hoja yangu ni fupi. Mambo yanayotoka kwenye mfumo huo, yaani mbolea kiasi gani imeenda wapi, lini, na kwa wakulima wangapi, yawekwe wazi kwa kila mwananchi, wadi kwa wadi, katika faili ambayo mtu yeyote anaweza kuipakua. Sisemi taarifa ya waziri kwenye runinga. Nasema faili.

Najua wengi wenu mmekulia mjini, kwa hivyo ngoja nieleze kwanza mambo yalivyo.

Ruzuku ya mbolea si kitu kigeni kwetu. Mwaka 2007 serikali ilianzisha mpango wa NAAIAP uliowapa wakulima maskini mbegu na mbolea za kutosha ekari moja. Baadaye mbolea ya bei nafuu ikawa inauzwa kwenye maghala ya Bodi ya Nafaka na Mazao, ile NCPB tunayoijua. Malalamiko hayakukosekana: wenye malori wanafika kwanza, wanabeba, halafu mbolea ileile inaonekana sokoni kwa bei nyingine. Mkulima mdogo anabaki na karatasi yenye muhuri na ghala tupu.

Kisha ukaja mwaka 2022. Vita vya Urusi na Ukraine vilipoanza, bei ya mbolea ambayo tayari ilikuwa imepanda ikazidi kupaa duniani kote. Hapa kwetu mfuko wa kilo 50 ukafika shilingi 6,500 na hata zaidi. Rais William Ruto alipoapishwa Septemba 2022 alitangaza mifuko milioni 1.4 ya kuuzwa kwa shilingi 3,500. Mwaka 2023 bei hiyo ikashushwa tena hadi 2,500.

Hebu tufanye hesabu ndogo. 6,500 toa 3,500 ni 3,000. Zidisha kwa mifuko milioni 1.4, unapata shilingi bilioni 4.2. Hiyo ni awamu moja tu, tena ya kwanza. Mkulima hazioni pesa hizo, hazipiti kwenye simu yake. Zimekaa ndani ya bei ya mfuko. Lakini ni malipo ya serikali kwa shamba, sawa kabisa na kama angeandikiwa hundi. Na hundi ya umma lazima iwe na hesabu ambayo umma unaweza kuisoma.

Mapema mwaka 2023 machifu, manaibu wao na wazee wa vijiji walipewa kazi ya kuandikisha wakulima nchi nzima. Ukishaandikishwa, msimu ukikaribia unapata ujumbe kwenye simu wenye nambari ya vocha na idadi ya mifuko uliyotengewa, kulingana na ekari zako. Unabeba kitambulisho, unakwenda kwenye ghala la NCPB, au la KNTC, au kituo cha chama cha ushirika kilichoteuliwa. Unalipa sehemu yako, unachukua mifuko yako, unatafuta usafiri.

Mimi kama mtu wa kuandika programu nauona mpango huu ni hatua kubwa mbele, na sitaki mtu aseme nimekuja kuukejeli. Karatasi ya chifu inaweza kuigwa na mtoto wa darasa la nane. Vocha iliyofungwa kwenye kitambulisho kimoja na simu moja ni ngumu zaidi kuiiba. Lakini kuna faida nyingine ambayo hatujaitumia. Kila hatua niliyoitaja hapo juu inaacha mstari kwenye hifadhidata. Vocha imetolewa, mstari. Ujumbe umetumwa, mstari. Lori limeshusha mbolea ghalani, mstari. Mkulima amelipa, mstari. Zamani ungeweza kusema rekodi ziko kwenye madaftari yaliyoliwa na mchwa. Leo kisingizio hicho hakipo. Rekodi zimezaliwa zikiwa ndani ya kompyuta, na kuzijumlisha kwa wadi na kwa tarehe ni kazi ya swali moja la SQL. Yeyote aliyesoma hifadhidata chuoni anaweza kuliandika kabla chai haijapoa.

Tuchukue kaunti moja ili tusiongee hewani. Nachagua Trans Nzoia, kwa sababu ni kaunti ya mashamba kweli kweli, na mahindi yake yanalisha watu wengi ambao hawajawahi kufika Kitale. Ina maeneo bunge matano: Kwanza, Endebess, Saboti, Kiminini na Cherangany. Jumla ya wadi ni 25. Kuna mashamba makubwa yaliyobaki tangu enzi za walowezi, mengine yako chini ya shirika la serikali la ADC. Kuna mashamba yaliyokatwakatwa baada ya uhuru, watu wakanunua kwa vikundi. Na kuna watu wengi sana wanaolima ardhi ya kukodi, msimu huu hapa, msimu ujao kule.

Kila mmoja wao anafukuzana na mvua. Mahindi ya huko hupandwa mvua ndefu zikianza, Machi kuingia Aprili. Mbolea ya kupandia inatakiwa iwe shambani siku hiyo, pamoja na mbegu. Ikifika Mei, hata ikiwa ya bure, imekuja kumzika maiti aliyekwisha kuzikwa.

Sasa niulize maswali manne kuhusu kaunti hiyo, na uone kama unaweza kuyajibu kwa kile tunachotangaziwa.

Swali la kwanza: msimu uliopita, wadi gani kati ya zile 25 zilipata mbolea kabla ya mvua, na zipi zilipata baada ya mvua?

Swali la pili: ni vocha ngapi zilitolewa lakini hazikutumika? Hili ni muhimu kuliko linavyosikika. Mtu hatupi vocha ya maelfu ya shilingi bila sababu. Pengine alifika ghalani mara mbili akakuta hakuna kitu. Pengine hakuwa na ile 2,500 kwa wakati ule. Pengine nauli ilimshinda. Tuseme anatoka pembeni kabisa mwa Endebess, anatumia shilingi 800 za matatu na boda boda kwenda na kurudi, na anaambiwa aje wiki ijayo. Akirudi mara ya pili ameshatumia 1,600 kabla hajalipia mfuko hata mmoja. Ruzuku imeliwa barabarani. Vocha zisizotumika zikiwa nyingi katika wadi moja, hiyo ni dalili kwamba kituo kiko mbali au stoo ilikuwa tupu. Data ingeonyesha hivyo waziwazi.

Swali la tatu: nani alipata nyingi? Ruzuku inayofuata ekari humfuata mwenye ekari. Kwa kawaida mkulima wa mahindi hutumia mfuko mmoja wa kupandia na mmoja wa kukuzia kwa ekari moja. Kwa hesabu ya 2022, mwenye ekari moja anapata msaada wa shilingi 6,000. Mwenye ekari 100, kama naye angepewa kwa kipimo hichohicho, angepata 600,000. Huenda kuna sababu nzuri ya kumsaidia huyo mkubwa pia, maana mahindi yake ndiyo yanayojaza maghala. Ni mjadala halali. Lakini utajadili vipi mgawanyo ambao hujauona?

Swali la nne: ekari zilizoandikishwa zinalingana na ardhi iliyopo? Kaunti nzima ya Trans Nzoia ina ukubwa wa kilomita mraba 2,495 hivi, yaani takriban ekari 616,000, ukihesabu miji, barabara, na misitu ya Mlima Elgon na Cherangany. Pale ambapo ardhi ya kukodi ni nyingi, ni rahisi mwenye shamba ajiandikishe na ekari kumi, na anayelima hizohizo kumi ajiandikishe pia. Hakuna aliyedanganya sana, lakini mfumo umehesabu ishirini. Ukiwa na jumla ya ekari kwa kila wadi, mtu yeyote mwenye ramani anaweza kulinganisha. Wadi ikijitangaza kuwa na ekari nyingi kuliko ardhi yake, basi kuna mtu amepanda mahindi juu ya mawingu.

Maswali haya manne hayahitaji jasusi. Yanahitaji jedwali lenye mistari 25. Na kwa Kenya nzima yanahitaji mistari 1,450, kwa kuwa ndizo wadi tulizo nazo. Jamani, faili ya mistari 1,450 ni ndogo kuliko picha moja unayotuma kwenye kundi la familia.

Mara nyingi tunachopewa badala yake ni jumla ya taifa: mifuko milioni kadhaa imesambazwa, wakulima milioni kadhaa wamenufaika. Jumla kubwa ina sifa moja mbaya. Hakuna mtu mmoja anayeweza kuikanusha. Mkulima wa Kwanza hawezi kusema milioni kadhaa si kweli. Lakini ukimwambia wadi yake ilipokea mifuko 4,000 tarehe fulani, yeye na majirani zake watajua mara moja kama lori hilo lilifika au halikufika. Takwimu ikishuka hadi pale watu wanapoishi, kila mwenyeji anakuwa mkaguzi.

Ndiyo maana nayakumbuka ya mwaka 2024. Machi mwaka huo iligundulika kwamba mifuko iliyouzwa kwa wakulima kama mbolea ya ruzuku ilikuwa na kitu ambacho si mbolea. Waandishi wa habari za uchunguzi ndio waliopasua jipu. Mifuko ile ilikuwa imepita kwenye maghala ya umma, ikiwa na alama za ubora. Serikali ikasimamisha uuzaji wa mifuko iliyotiliwa shaka na ikaahidi kuwafidia waliouziwa. Mei 2024 hoja ya kumwondoa waziri wa kilimo wa wakati huo ilipita bungeni, kisha kamati maalum ikasema mashtaka hayakuthibitishwa. Mnamo Julai baraza la mawaziri likavunjwa na yeye hakurudi.

Wanasiasa walijibizana vya kutosha, sina la kuongeza. Mimi naangalia upande wa mfumo. Hifadhidata ilikuwa na uwezo wa kujua kila mfuko ulitoka ghala gani kwenda kwa nani. Kama rekodi za maghala zingekuwa wazi, zikionyesha aina ya mbolea, jina la aliyeileta, tarehe ya kuingia na idadi iliyotoka, mkulima aliyesikia habari redioni angeweza kuangalia siku hiyohiyo kama ghala lake liliguswa, kabla hajaichanganya na mbegu. Kwa mbolea bandia hasara haiishii kwenye bei ya mfuko. Umepoteza mbegu, umepoteza vibarua, na umepoteza mvua. Mvua haifidiwi.

Hata kabla ya hapo, mwaka 2018, wakulima wa North Rift waliopeleka mahindi NCPB walikaa miezi wakisubiri malipo, huku kukiwa na malalamiko kwamba wafanyabiashara wameshalipwa. Seneti iliunda kamati maalum kuchunguza. Na mjadala ulipata uzito pale majina na kiasi cha malipo vilipoanza kujulikana hadharani. Kabla ya orodha ilikuwa kelele ya wakulima. Baada ya orodha ikawa hoja.

Mtu ataniuliza, je, kuna nchi imewahi kuanika malipo ya ruzuku namna hii? Ipo. Marekani, ambayo nayo ina kaunti na ruzuku nyingi za kilimo.

Mwaka 1996 gazeti la Washington Post lilishinda kesi dhidi ya wizara ya kilimo ya Marekani, mahakama ikaamuru majina ya waliolipwa ruzuku ya pamba yatolewe. Kisha shirika moja lisilo la serikali, Environmental Working Group, likatumia sheria ya nchi hiyo ya kupata habari, likachukua rekodi za malipo ya ruzuku na mwaka 2001 likaziweka kwenye tovuti. Hadi leo unaweza kuingia, ukachagua jimbo, ukachagua kaunti, ukaona malipo tangu mwaka 1995, mwaka kwa mwaka, zao kwa zao, na jina kwa jina. Kaunti ndogo ya mashamba ambayo hujawahi kuisikia ina ukurasa wake. Kwa mtu wa data, ile tovuti ni karamu.

Ilibadilisha nini? Kwanza, iliua hadithi moja. Kila sheria mpya ya kilimo ilikuwa ikipitishwa kwa jina la mkulima mdogo wa familia. Data ikaonyesha kwamba asilimia 10 ya wapokeaji wakubwa huchukua zaidi ya asilimia 70 ya malipo ya mazao. Pili, iliwapa wengine pa kuanzia. Mwaka 2006 Washington Post ilichambua malipo na kukuta dola bilioni 1.3 zilizolipwa tangu mwaka 2000 kwa watu ambao hawalimi kabisa, kwa sababu tu ardhi yao iliwahi kuwa shamba. Malipo ya aina hiyo, yaliyotolewa bila kujali kama umelima, yalifutwa na sheria ya kilimo ya mwaka 2014.

Sitaki kuipamba Marekani. Sheria iliweka kikomo cha dola 125,000 kwa mtu mmoja kwa mwaka katika mipango ya kawaida, na mashamba makubwa yakajifunza kuongeza wabia ili kila mmoja ahesabiwe kikomo chake. Wakubwa bado wanapata nyingi. Data wazi haiondoi ujanja. Inachofanya ni kuutoa gizani, na bungeni mtu akisimama kutetea wadogo, mwenzake anaweza kufungua ukurasa na kumsomea tarakimu.

Sasa nije kwa pingamizi kubwa, tena la haki: faragha. Tuna Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019, na mimi ni mmoja wa waliofurahi ilipopita. Hakuna anayetaka jina la mama wa ekari moja, nambari yake ya kitambulisho na simu yake viwe kwenye faili ya kupakuliwa na kila tapeli. Matapeli wa simu tunawajua. Wakijua ni nani ametengewa mifuko mitatu, kesho atapigiwa simu na mtu anayejiita ofisa wa mbolea, akiombwa atume ada ya usajili.

Lakini swali hili limekwisha kujadiliwa na watu wenye mahakama kali kuliko zetu. Umoja wa Ulaya ulikuwa ukichapisha majina ya wote wanaopokea ruzuku za kilimo. Wakulima wawili wa Ujerumani wakaenda mahakamani, na Novemba 2010 Mahakama ya Haki ya Ulaya ikasema kuchapisha jina la kila mtu binafsi bila kutofautisha mdogo na mkubwa kumevuka mpaka. Haikusema data yote ifichwe. Mwaka 2013 sheria ikaandikwa upya: majina yachapishwe, lakini wanaopokea kiasi kidogo, kisichozidi euro 1,250 kwa mwaka, majina yao yasitajwe. Mdogo analindwa, mkubwa anaonekana. Kwangu mimi huo ni mpango wenye akili.

Kwa hiyo napendekeza hivi, na nimejaribu kuandika kama mtu anayemwandikia mteja mahitaji ya mfumo:

1. Faili ya maghala, isasishwe kila siku wakati wa msimu. Safu zake: tarehe, ghala, aina ya mbolea, aliyeileta, mifuko iliyoingia, mifuko iliyotoka, mifuko iliyobaki. Hakuna jina la mkulima hata mmoja humo, kwa hiyo faragha haiguswi. Mkulima wa Endebess aangalie kwa USSD, hata kwa simu ya mulika mwizi, kabla hajapanda boda boda.

2. Faili ya wadi, kila wiki. Safu zake: wadi, wakulima walioandikishwa, jumla ya ekari, vocha zilizotolewa, vocha zilizotumika, mifuko iliyochukuliwa.

3. Faili ya mgawanyo, kila mwisho wa msimu. Katika kila wadi, wakulima wangapi walipata mfuko 1 hadi 2, wangapi 3 hadi 10, wangapi 11 hadi 50, na wangapi zaidi ya 50. Hii peke yake inajibu swali la nani alipata nyingi, bila kumtaja mtu. Kundi likiwa na watu chini ya kumi, liunganishwe na la jirani yake ili mtu asitambulike.

4. Majina ya kampuni, taasisi za umma, na watu binafsi waliopata zaidi ya kiasi fulani kikubwa. Mimi ningesema mifuko 100, lakini bunge liamue. Ukichukua msaada wa umma wa laki kadhaa, kutajwa jina si adhabu. Ni risiti.

Namba zote za vitambulisho, simu na vijiji zibaki ndani. Hizo si zetu.

Hapo nasikia mtu wa serikali akisema, hiyo ni kazi kubwa. Ndugu yangu, kazi kubwa ni kuandikisha watu milioni 6, na mmeshaifanya. Kutoa jumla ni kazi ya mchana mmoja, na kuipanga ijitoe yenyewe kila usiku ni kazi ya mchana wa pili.

Mwingine atasema, wakulima hawatapakua faili. Kweli, wengi hawatapakua. Lakini kijana wa agroveti pale Kiminini atapakua. Mtangazaji wa redio ya lugha ya nyumbani atasoma wadi moja baada ya nyingine asubuhi, na watu watapiga simu. Mwakilishi wa wadi ataulizwa kwenye baraza la chifu kwa nini jirani walipata Machi na wao Mei. Hata Marekani wakulima hawakuwa wakikesha kwenye ile tovuti. Waliosoma ni waandishi, wabunge na majirani wenye wivu, na ilitosha.

Wa tatu atasema, data itatumiwa kisiasa, wadi hii itasema imenyimwa kwa sababu ya kura. Hilo linasemwa tayari, tena bila data. Kama mgawanyo ni wa haki, tarakimu ndizo zitakazoinyamazisha porojo hiyo. Kama si wa haki, basi si porojo.

Na tusijidanganye kwamba hii ni ndoto ya wazungu. Julai 2011 Rais Mwai Kibaki alizindua tovuti ya taifa ya data huria, na Kenya ikasifiwa kwa kuwa miongoni mwa nchi za kwanza Afrika kufanya hivyo. Sisi watu wa kompyuta tulishangilia. Baadaye data nyingi pale zikakaa bila kusasishwa, tovuti ikawa kama duka lenye rafu nzuri na vumbi. Somo nililopata hapo ni kwamba data wazi haidumu ikiwa ni mradi wa kando. Inadumu ikitoka moja kwa moja kwenye mfumo unaofanya kazi kila siku. Mfumo wa mbolea ndio mfumo wa namna hiyo, kwa sababu ukisimama, wakulima wanapiga kelele siku hiyohiyo.

Sheria nayo iko upande wetu. Katiba, kifungu cha 35, inampa kila raia haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa serikali. Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya mwaka 2016 inazitaka taasisi za umma zichapishe habari muhimu bila kungoja kuombwa, na mtu akiomba, ajibiwe ndani ya siku 21. Asipojibiwa, anaweza kupeleka malalamiko kwa Tume ya Haki ya Utawala, ile ofisi ya Ombudsman.

Basi kama una shamba, au mzazi wako ana shamba, usiishie kulalamika kwenye kundi la WhatsApp. Andika barua ya ukurasa mmoja kwa wizara ya kilimo. Taja wadi yako na msimu. Omba mambo matatu tu: vocha ngapi zilitolewa, ngapi zilitumika, na mifuko ilifika ghalani tarehe gani. Usiombe jina la mtu yeyote. Weka tarehe, baki na nakala, na uhesabu siku 21. Mkipata majibu, hata kama ni picha ya karatasi iliyopigwa chapa, nitumieni. Nitaikaa kuichapa upya mimi mwenyewe na kuiweka katika jedwali moja, wadi baada ya wadi. Tukifika 25, Trans Nzoia itakuwa na ukurasa wake.